Nani Ashike Dhahabu ya Uzeeni?

Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kuweka dhahabu halisi ndani ya akiba yake ya kustaafu, na sheria hiyo hiyo inamkataza kuishika. Fedha ni zako. Bei ikipanda umepata wewe, ikishuka umepoteza wewe, na ukifa wanarithi watu wako. Lakini tangu siku sarafu zinaponunuliwa mpaka siku zinapotoka rasmi kwenye akaunti, lazima ziwe chini ya mtu mwingine. Huyo ndiye mtunza amana, na sura hii yote inamhusu yeye.

Msimamo wangu niutangulize: mtunza amana achaguliwe kwanza, kabla ya muuzaji wa dhahabu na kabla ya dhahabu yenyewe. Watu wengi huanzia upande wa pili. Wanasikia tangazo redioni, wanapiga namba ya bure, anapokea muuzaji mwenye sauti ya upole na subira nyingi, na baada ya simu mbili tatu wanaletewa fomu za kusaini kwa barua pepe. Ile sehemu ya mtunza amana inakuja imeshajazwa. Wamepangiwa, tena na mtu anayelipwa kwa kuuza. Muuzaji mtaachana naye siku malipo yanapokamilika. Mtunza amana ndiye utakayebaki naye.

Utabaki naye kwa muda gani? Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa aunsi. Ikaanguka, na mwaka 1999 ilikuwa karibu dola 250. Ile bei ya 850 haikuonekana tena hadi Januari 2008. Aliyenunua kileleni akiwa na miaka 40 alisubiri hadi 68 ili aione tena namba ile ile, bila kuhesabu mfumuko wa bei. Katika miaka hiyo yote kuna kampuni iliyopaswa kuwa hai, yenye vitabu safi, ikijua sarafu zipo wapi na ni za nani. Oktoba 2025 bei ilivuka dola 4,000, na wauzaji wanapiga simu kwa bidii zaidi kuliko zamani. Haraka hiyo ni yao.

Utaratibu wenyewe una umri wa nusu karne. Tarehe 2 Septemba 1974 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya mafao ya wafanyakazi inayojulikana kwa herufi ERISA, na humo ndimo ilimozaliwa akaunti binafsi ya kustaafu, IRA. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo, Wamarekani waliruhusiwa tena kumiliki dhahabu, baada ya katazo lililowekwa na Rais Roosevelt mwaka 1933. Kwa miaka michache mambo hayo mawili yaliweza kukutana. Kisha mwaka 1981 Bunge likaiweka dhahabu katika kundi moja na picha za kuchora, vito na mazulia ya kale: akaunti ya kustaafu ikinunua vitu hivyo, mwenye akaunti anahesabiwa kuwa amechukua fedha na analipa kodi. Mwaka 1986 mlango ukafunguliwa kidogo kwa sarafu mpya za serikali ya Marekani, American Eagle. Sheria ya 1997 ikaufungua zaidi, na tangu 1998 vitofali vya dhahabu vinaruhusiwa pia, mradi usafi wake ufike asilimia 99.5 na viwe mikononi mwa mtunza amana.

American Eagle yenyewe haifiki asilimia hiyo. Ni dhahabu ya karati 22. Sarafu ya aunsi moja ina uzito wa gramu 33.93, na humo dhahabu safi ni gramu 31.1, inayobaki ni fedha na shaba, zilizotiwa ili sarafu isichubuke upesi. Imeruhusiwa kwa sababu sheria imeitaja. Krugerrand ya Afrika Kusini ina usafi ule ule, lakini haikutajwa, kwa hiyo hairuhusiwi. Mtunza amana anayeijua kazi yake atakukatalia Krugerrand bila kusitasita, na ukimsikia mtu akisema “tutaona” kuhusu jambo ambalo sheria imeshaliamua, kata simu.

Kisha kuna wale wanaotangaza kwamba wewe mwenyewe unaweza kuweka sarafu nyumbani. Mpango wao huwa hivi: IRA yako inaanzisha kampuni ndogo, wewe unakuwa meneja wa kampuni hiyo, kampuni inanunua American Eagle, na meneja anazifungia kwenye sefu chumbani kwake. Kwenye karatasi, mwenye sarafu ni kampuni. Mume na mke wa jimbo la Rhode Island walifanya hivyo, na suala lao likafika Mahakama ya Kodi ya Marekani. Novemba 2021 mahakama iliamua kwamba sarafu zilizo nyumbani kwa mwenye akaunti, zikiwa chini ya mamlaka yake bila mwangalizi yeyote, zimeshatoka kwenye akaunti. Thamani yake ikahesabiwa kuwa mapato yanayotozwa kodi. Hukumu hiyo iko wazi, na bado matangazo ya dhahabu ya nyumbani yanaendelea. Aliye chini ya umri wa miaka 59 na nusu huongezewa asilimia 10 juu ya kodi yenyewe. Kwa mfanyakazi wa kipato cha kati, kosa hilo linaweza kumeza theluthi ya akiba.

Sasa, nani anaruhusiwa kuwa mtunza amana? Sheria inataka awe benki, au chama cha akiba na mikopo chenye bima, au kampuni isiyo benki iliyoidhinishwa na mamlaka ya kodi, IRS. Benki za kawaida hazitaki usumbufu wa dhahabu halisi, kwa hiyo utakutana zaidi na kampuni za amana zenye leseni ya jimbo fulani, na zile zilizoidhinishwa na IRS. IRS huchapisha orodha ya walioidhinishwa, na yeyote anaweza kuisoma. Isome. Lakini usiipe uzito usio wake: kanuni inamtaka mwombaji aonyeshe mtaji halisi usiopungua dola 250,000, awe na watu wenye uwezo wa kuendesha kazi hiyo, na akaguliwe na mhasibu wa nje angalau mara moja kila miezi 12. Hilo ni sharti la kuingilia mlangoni tu. Kampuni inayoshika mali za mabilioni inapaswa kukuonyesha mengi zaidi.

Jihadhari pia na majina. Zipo kampuni zinazojiita za IRA ya dhahabu ambazo kwa kweli ni wakala au mwandishi wa fomu tu, na mtunza amana halisi yuko nyuma yao kwa jina lingine. Njia rahisi ya kumjua ni kuuliza: fomu 5498 ya kila mwaka, ile inayotumwa IRS kueleza thamani ya akaunti yangu, itatoka kwa jina la nani? Jina hilo ndilo la kulichunguza, kwenye idara ya benki ya jimbo lililompa leseni na kwenye kumbukumbu za mahakama.

Jambo linalowaumiza watu zaidi ya yote ni kudhani kwamba mtunza amana anawalinda dhidi ya muuzaji. Hawalindi. Kazi yake ni kutekeleza maagizo yako, kuandika vitabu, kutuma ripoti kwa IRS na kuhakikisha dhahabu inafika ghalani. Ukimwagiza alipe dola 3,000 kwa sarafu ya dola 2,000, atalipa, na mkataba wake unasema wazi kwamba hapimi ubora wala bei ya unachonunua. Septemba 2020, tume ya serikali kuu inayosimamia soko la bidhaa, CFTC, pamoja na wasimamizi wa majimbo 30, ilifungua kesi dhidi ya kampuni iliyojitambulisha kama Metals.com. Mashtaka yalidai kwamba watu wasiopungua 1,600, wengi wao wazee, walitoa dola milioni 185, nyingi zikitoka kwenye akiba za kustaafu, kununua sarafu za dhahabu na fedha kwa bei za kupindukia. Tazama njia ya fedha hizo. Dhahabu ya akiba ya kustaafu lazima ipite kwa mtunza amana, kwa hiyo walikuwepo watunza amana waliolipa kama walivyoagizwa na kutunza walichokabidhiwa. Sheria iliwataka hayo tu.

Aliyekuwa mwanachama wa mfuko wa pensheni Kenya atatambua sura ya mpangilio huu. Sheria ya mafao ya uzeeni ya 1997 inataka mali za mfuko zishikwe na mtunza amana aliyesajiliwa, mbali na meneja anayeziwekeza, ili anayeamua manunuzi asiwe ndiye anayeshika mali. Lakini kule juu yao wote wapo wadhamini wa mfuko, wanaokutana na kuuliza maswali. Kwenye IRA ya dhahabu kiti cha wadhamini kiko wazi, na wa kukikalia ni wewe.

Kwa hiyo soma mkataba. Najua ushauri huu husemwa kwa kila mkataba na hakuna anayeufuata, ila huu una njia ya mkato. Watunza amana wengi hutumia mfano wa IRS uitwao fomu 5305-A. Vifungu vya kwanza hadi cha saba ni maneno ya serikali, na unaweza kuvipita haraka. Kifungu cha nane kimeachwa wazi ili kampuni iongeze masharti yake, na kinaweza kujaza kurasa nyingi za maandishi madogo. Humo ndimo kampuni inapojieleza ilivyo. Kaa nacho jioni nzima ukiwa na kalamu.

Tafuta humo sehemu ya ada, uone kama kampuni inaweza kuuza dhahabu yako bila idhini ili ijilipe, na kwa taarifa ya siku ngapi. Tafuta panaposema nani anabeba hasara dhahabu ikipotea ghalani. Mara nyingi utakuta mtunza amana amejitoa kabisa, akasema ghala ni mkandarasi huru. Tafuta kama umekubali kwenda kwa msuluhishi badala ya mahakama, na katika jimbo gani. Angalia kampuni inaweza kubadilisha ada kwa notisi gani, na inatoza nini ukitaka kuhama. Masharti mengine utayakuta kila mahali na huwezi kuyakwepa. Lakini ukiweka mikataba ya kampuni tatu mezani, tofauti zitajitokeza, na ile isiyotaka kukupa mkataba kabla ya kufungua akaunti imeshajiondoa yenyewe.

Ghala ni hadithi nyingine. Mtunza amana kwa kawaida hana chumba cha chuma. Anaingia mkataba na kampuni ya kuhifadhi. Nyingi ziko Delaware, ambako hakuna kodi ya mauzo, nyingine Texas, Utah na kwingineko. Texas hata ina ghala la dhahabu la jimbo lenyewe. Muulize mtunza amana anakuruhusu kuchagua kati ya maghala mangapi, na kama amewahi kumaliza mkataba na ghala lolote, kwa sababu gani.

Swali hilo lina msingi. Septemba 2022 CFTC ilifungua kesi dhidi ya First State Depository, ghala lililokuwa Wilmington, Delaware, na dhidi ya mmiliki wake. Mahakama ikamteua msimamizi. Aliposhika funguo na kuhesabu, mali ya wateja ya thamani kubwa haikuonekana. Baadaye mahakama iliamuru wateja wafidiwe zaidi ya dola milioni 100. Wateja wale walikuwa na taarifa za akaunti zilizoonyesha idadi ya sarafu na aina yake. Karatasi ilisema zipo. Bima ya amana ya serikali, FDIC, inayomkinga mwenye akaunti ya benki hadi dola 250,000, haigusi dhahabu iliyo ghalani. Inagusa fedha taslimu tu, zile zinazosubiri kununua au zilizotokana na mauzo, ikiwa mtunza amana ameziweka kwenye benki yenye bima hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, mali ikapotea nalo likiendelea kuandikwa. Kinachotakiwa ni mtu wa nje, asiyelipwa kwa kuficha, anayeingia ghalani na kulinganisha daftari na rafu. Muulize mtunza amana: ghala hukaguliwa na kampuni gani ya uhasibu? Mara ngapi kwa mwaka? Ninyi wenyewe mnalinganisha hesabu zenu na za ghala kila baada ya muda gani, na mkikuta tofauti ya sarafu moja mnafanya nini? Bima ya ghala ni ya kiasi gani, na inamlipa nani? Afisa anayejua majibu huyatoa bila kupapasa. Asiyejua si mwongo kwa hilo pekee, lakini aombe muda, akuandikie.

Utaulizwa pia kama unataka dhahabu yako itengwe au ichanganywe. Ikitengwa, sarafu zako zinawekwa mahali pake zikiwa na jina la akaunti yako, na siku ya kutoka unapata zile zile. Ikichanganywa, unapata za aina ile ile na idadi ile ile. Sarafu za American Eagle za aunsi moja hutoka kiwandani kwenye vikasha vya plastiki vya duara, 20 kila kimoja, na kwa sarafu za mwaka wa kawaida ya kwako na ya jirani hazina tofauti ya thamani. Kwa hiyo sioni ubaya wa kuchanganya kwa ajili ya kuchanganya. Ninachosisitiza ni maandishi yanayosema kwamba dhahabu haikopeshwi, haiwekwi rehani, na haiingii kwenye mizania ya ghala wala ya mtunza amana kama mali yao. Hata hivyo, kama tofauti ya ada ni dola 50 kwa mwaka, mimi ningelipa zitengwe, kwa sababu sarafu zilizotengwa ni rahisi kuhesabika msimamizi wa mahakama anapoingia.

Kuhusu ada sitakaa sana. Kuna ya kufungua, ya kila mwaka, ya ghala, ya kila muamala na ya kufunga. Wengine hutoza kiasi kisichobadilika, wengine asilimia ya thamani. Akaunti ya dola 60,000 ikitozwa asilimia 0.5 inalipa 300. Bei ikipanda maradufu inalipa 600 kwa sarafu zile zile, kwenye rafu ile ile. Nani ameongezewa kazi? Kwa upande wa pili, akaunti ya dola 8,000 inayolipa ada ya 250 inapoteza zaidi ya asilimia 3 kila mwaka, na dhahabu haizai riba ya kuziba pengo hilo. Mwenye akiba ndogo anayetaka kufuata bei ya dhahabu ana njia nafuu ndani ya IRA ya kawaida ya udalali, nayo ni hisa za mfuko unaoshika dhahabu, kama SPDR Gold Shares ulioanza Novemba 2004. Wauzaji wa sarafu hawapendi kulisema hilo.

Wengi wa wasomaji wangu walioko Marekani wataifikia dhahabu kupitia akiba waliyoacha kwa mwajiri wa zamani, ile 401(k) ya hospitali, kiwanda au nyumba ya wazee. Katika kuhamisha, mtunza amana mpya hupimwa kwa mara ya kwanza. Fedha ziende moja kwa moja kutoka mfuko wa mwajiri hadi kwake, hundi ikiandikwa jina lake kwa ajili ya akaunti yako. Hundi ikiandikwa jina lako wewe, mfuko unalazimika kukata asilimia 20 kwa ajili ya kodi. Kwenye dola 30,000 utapokea 24,000, na ili usihesabiwe umechukua fedha lazima uweke zote 30,000 ndani ya siku 60, ukiazima 6,000 unakojua mwenyewe hadi utakaporudishiwa na IRS. Mtunza amana mzuri atakueleza haya kabla hujauliza. Anayekwambia “utapokea hundi, kisha utuletee” hakufai.

Mwisho wa safari una hesabu yake. Ukifika miaka 73, IRA ya kawaida inakulazimu kutoa kiasi fulani kila mwaka. Chukua mtu mwenye sarafu 20. Jedwali la IRS linagawa thamani ya Desemba 31 iliyotangulia kwa 26.5, kwa hiyo anatakiwa kutoa robo tatu ya sarafu moja. Sarafu haikatwi. Anaweza kuuza moja na kuchukua fedha, au kuchukua sarafu nzima mkononi na kuilipia kodi, au kutoa kiasi hicho kutoka IRA nyingine aliyo nayo. Aliyenunua sehemu ya akiba yake kwa sarafu za nusu, robo na sehemu ya kumi ya aunsi ana nafasi zaidi. Asipotoa, faini ni asilimia 25 ya kiasi kilichopaswa kutoka. Muulize mtunza amana, kwa hiyo, anachukua siku ngapi kuuza, kama unaweza kuuza kwa mnunuzi umtakaye au ni yule yule aliyekuuzia, na bei ya thamani ya mwaka anaipata wapi.

Limebaki la warithi. Kwenye akaunti hii kinachotawala ni fomu ya mnufaika iliyo kwa mtunza amana. Wosia uliouandika Mombasa au Moshi hauipindui. Fomu ikiwa na jina la mke uliyeachana naye miaka kumi iliyopita, unaanzisha kesi juu ya kaburi lako. Omba nakala iliyothibitishwa kila unapoibadilisha, na uiweke mahali ambapo mtoto wako mkubwa anapajua.

Mnufaika akiwa nje ya Marekani na si raia wala mkazi wa huko, kinachotoka kwenye akaunti kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 30 hapo hapo, isipokuwa mkataba wa kodi kati ya nchi mbili uipunguze. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa namna hiyo na Marekani. Atahitaji fomu W-8BEN na namba ya mlipakodi inayotolewa kwa wageni, naye atayafanya haya akiwa kwenye msiba. Na wewe mwenyewe ukipanga kurudi nyumbani ukistaafu, ujue kwamba wapo watunza amana wasiomhudumia mteja mwenye anwani ya nje. Kabla ya kusaini chochote, piga simu uulize: nikihamia Arusha au Kisii mtaendelea kunihudumia? Mnufaika wangu aliye huko atatakiwa fomu zipi, mtazipokea zikiwa zimethibitishwa na wakili wa huko, na wakati zinasubiriwa ni nani mwenye mamlaka ya kuamua dhahabu iuzwe au ibaki?